Maktaba ya mji hupangwa na watu wote wa mji: fundisho kutoka Musumba na Kolwezi

   

Leo mazungumzo yetu ya amani ni juu ya maktaba, ile nyumba ya vitabu ambayo wengi wetu tunaiita bibilioteki. Ninajua kuna mtu atakayesema: "Huyu naye! Sisi tunatafuta bukari ya leo na bati la nyumba, yeye anatuletea habari za vitabu." Neno hilo ni la haki, na ni lazima nilijibu kabla ya kuendelea.

Mtu anapofukuzwa mahali hapotezi nyumba tu. Anapoteza karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, buletini ya shule ya watoto, karatasi ya ndoa, barua ya kiwanja. Na baada ya karatasi anapoteza kitu kingine, tena taratibu, bila kusikia uchungu siku ya kwanza. Anapoteza nafasi yake katika historia ya mji. Miaka kumi ikipita, wale waliobaki wanasema: "Hawa hawakuwahi kukaa hapa." Miaka ishirini ikipita, watoto wanaamini. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami ninaongeza kwamba watu nao wasio na daftari hupotea bila habari.

Basi, neno langu la leo ni moja. Maktaba ya mji ambao watu wake waligombana haiwezi kupangwa na watu wachache ndani ya ofisi. Ikipangwa hivyo itakuwa maktaba ya upande mmoja, hata ikiwa na rangi nzuri na viti vipya. Lakini ikipangwa na wote, na waliofukuzwa wakiwa ndani, kule kukaa pamoja na kuipanga kwenyewe ni kazi ya amani. Nitaonyesha neno hili kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze Musumba. Leo tunajua Musumba kuwa mji mmoja katika teritware ya Kapanga, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Zamani jina hilo lilikuwa la makao ya mfalme popote yalipokuwa. Mwant Yav mpya alipokaa kitini, alijenga musumba yake, na mji ukahama pamoja naye. Lakini haukujengwa ovyo. Kila mwenye cheo alijua mahali pake, nani akae mbele na nani akae nyuma. Ndiyo kusema Walunda walijua tangu zamani kwamba kupanga mji ni kupanga namna watu watakavyoishi pamoja.

Tena walikuwa na namna yao ya kutunza kumbukumbu bila karatasi. Mtu aliyerithi cheo hakurithi kiti tu. Alirithi pia jina la yule wa kwanza, na ujamaa wake. Ikiwa wenye vyeo wawili wa kwanza walikuwa kaka na mdogo, basi waliowafuata, hata baada ya miaka mia, waliendelea kuitana kaka na mdogo. Hiyo ilikuwa maktaba ndani ya watu. Mapatano ya kale hayakufa kwa sababu aliyeyafanya alikufa.

Na maktaba hiyo ya midomo inasimulia nini juu ya mwanzo wa ufalme? Wengi mnaijua hadithi hii. Mzee Nkond alidharauliwa na wanawe, akampa binti yake Ruwej ile bangili ya ufalme, rukan. Kisha akafika mgeni kutoka kwa Waluba, mwindaji, jina lake Chibinda Ilunga. Ruwej akamkaribisha, wakaoana. Ndugu zake Kinguri na Kinyama hawakukubali kutawaliwa hivyo. Wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi na kusini. Mwant Yav wa kwanza alikuwa mtoto wa yule mwindaji mgeni.

Ndugu zangu, tuiangalie hadithi hii vizuri. Ndani yake mna mgeni aliyepokelewa, mna pia ndugu waliohama kwa uchungu. Mlunda anaisimulia kwa namna yake. Mchokwe, ambaye wakubwa wake wanajihesabu katika uzao wa walioondoka, anaisimulia kwa namna nyingine. Mluba naye ana lake la kusema. Katika miaka ya 1880 Wachokwe walishambulia nchi ya Walunda na Musumba ikaharibiwa, na jambo hilo halijasahauliwa. Sasa ninauliza: maktaba ya Musumba itaweka hadithi ipi kwenye rafu? Mkiacha jibu kwa mtu mmoja, mmeshapanda ugomvi.

Walioandika mambo haya kwanza hawakuwa watu wa hapa. Mjerumani Paul Pogge alifika Musumba mwaka 1875, na kitabu chake kilipigwa chapa Berlin mwaka 1880. Mreno Henrique Dias de Carvalho alisafiri katika nchi ya Walunda kati ya mwaka 1884 na 1888, na vitabu vyake vilitoka Lisbon kuanzia mwaka 1890. Baadaye, katika misioni ya Wametodisti ya Kapanga iliyoanza miaka ya 1910, lugha ya uruund iliandikwa na kufundishwa, na katika miaka ya 1960 kikapatikana kitabu cha historia ya Walunda kwa lugha yao wenyewe, kiitwacho Ngand Yetu. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba watu wetu hawapendi maandishi. Walipopewa nafasi ya kuandika kwa lugha yao, waliandika.

Sasa tushuke Kolwezi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka pande nyingi, na wengi walitoka Kasai. Walikaa katika makomponi pamoja na watu wa hapa, wakala mposho mmoja. Mwaka 1957 kampuni ilianzisha gazeti, Mwana Shaba. Gazeti hilo lilikuwa na faida yake, na wazee wengine bado wanalikumbuka. Lakini aliyechagua nini kisomwe alikuwa mwenye kampuni, siyo mfanyakazi. Hiyo ndiyo desturi tuliyorithi: vitabu vinatoka juu, msomaji yuko chini, anapokea na kushukuru.

Hata hivyo watu wa chini hawakunyamaza. Mwaka 1965 kule Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilitoka kijitabu cha kiswahili kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Kilitungwa na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboi, yaani wapishi na watumishi wa nyumba za Wazungu, nacho kilisimulia historia ya Katanga kama wao walivyoiona. Na hapahapa Kolwezi, mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya mia moja, akaeleza kila picha kwa kiswahili. Alikuwa mtoto wa Waluba wa Kasai aliyezaliwa Katanga, na alichora habari za wafalme wa kale, za Wabelgiji, za Lumumba, za Tshombe ambaye mwenyewe alizaliwa Musumba mwaka 1919. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchoraji huyu alipotea, habari zake hazikusikika tena. Picha hizo ziko wapi? Ziko katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, Uholanzi. Silaumu waliozitunza, kwa maana bila wao labda zingekuwa zimeliwa na mchwa. Ninasema tu kwamba mtoto wa Kolwezi anayetaka kuona historia iliyochorwa Kolwezi anapaswa kuvuka bahari.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1977 na 1978 vita vya Shaba vilipita Kapanga, Dilolo na Kolwezi, na watu wengi wakakimbilia Angola. Kisha ukafika mwaka 1992 na 1993. Wanasiasa walisimama na kusema kuna wenyeji na kuna wageni, na wageni warudi kwao. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa mamia ya maelfu. Walikaa kwenye stesheni na ndani ya mashule wakingoja treni, na wengi walikufa kabla ya kufika, hasa watoto. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, na "kwao" walikopelekwa hawakuwa wamepaona hata siku moja.

Ninawaomba muone ni chombo gani kilitumika kwanza. Kabla ya fimbo, kabla ya moto, kilitumika neno la historia: "Nani alifika wa kwanza?" Watu wakapewa jibu fupi kwenye mkutano wa siasa, na hapakuwa na mahali karibu ambapo kijana angeweza kwenda kuuliza na kusoma jibu refu. Hapo ndipo maktaba inapogusa bukari yako na bati lako, ndugu uliyehamishwa. Na katika siku zetu kuna wengine waliohama kwa sababu ya madini: mwaka 2017 familia za sehemu ya mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, zilihamishwa ili mahali pao pawe pa kuchimba. Mtaa ukiisha kuchimbwa, nani atajua kwamba ulikuwa mtaa?

Labda mtasema ugomvi wa namna hii ni wa Waafrika. Sivyo. Wabelgiji waliotutawala wana mji unaoitwa Louvain, wenye chuo kikuu cha zamani sana. Tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Ujerumani walichoma maktaba ya chuo hicho. Ikajengwa upya kwa msaada wa Wamarekani, ikafunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1940, katika vita vya pili, ikaungua tena. Lakini pigo la tatu halikuletwa na adui kutoka nje. Mwaka 1968 wasema kiflamandi na wasema kifaransa walishindwa kukaa katika chuo kimoja, chuo kikagawanywa, na maktaba ikagawanywa nacho. Vitabu vingi viligawanywa kwa namba: vyenye namba 1, 3, 5 upande mmoja, vyenye namba 2, 4, 6 upande mwingine. Watu wenye elimu kubwa namna hiyo! Ugomvi ukiisha kuingia mjini, hata rafu ya vitabu haiponi. Ndiyo sababu mapatano yaje kwanza, rafu baadaye.

Kuna pia mifano ya kutupa moyo. Tanzania ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na mwaka 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Kenya iliona kwamba wafugaji wa Garissa hawakai mahali pamoja, na mwaka 1996 ikaanza kuwapelekea vitabu kwa ngamia. Hawakuwaambia wafugaji waje mjini. Waliangalia maisha yao, kisha wakapanga maktaba inayoyafuata. Uganda, katika kijiji cha Kitengesa karibu na Masaka, maktaba ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja lenye vitabu 161. Watu walivitumia, na mwaka 2002 ikapata jengo lake. Na karibu nasi, Lubumbashi, kuanzia mwaka 2000 walimu wa chuo kikuu waliendesha kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Raia waliombwa kuleta masimulizi yao na vitu vyao vya nyumbani, na vitu hivyo vikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la mji. Mtu wa komponi aliona kwamba maisha yake nayo ni historia.

Basi tuseme Musumba, au komini ya Dilala, au ya Manika, inataka maktaba mpya. Tufanye nini? Kwanza, tuwaulize watu kabla ya kuchora nyumba. Wala tusiwaulize wote katika mkutano mmoja mkubwa, kwa sababu katika mkutano wa namna hiyo husema wakubwa, wengine hupiga makofi. Wakae wanawake peke yao, vijana peke yao, wachimbaji peke yao, walemavu, wazee, na waliohamishwa. Tuwaulize: utakuja saa ngapi? Unasoma lugha gani? Usiyejua kusoma, unataka usikilize nini? Mama anayeuza sokoni hawezi kuja saa nne asubuhi. Mchimbaji anarudi jioni. Majibu yaandikwe, kisha yasomwe kwa sauti mbele ya waliojibu, ili kila mtu asikie kama neno lake limeandikwa sawa.

Pili, waliohamishwa wawe ndani ya kamati kama wajumbe, siyo kama wageni wa kualikwa siku ya sherehe. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi yetu haki ya kutembea na kukaa popote, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 51 kinaiamuru Serikali kulinda maisha ya amani kati ya makabila yote. Na kifungu cha 207, kinachotambua mamlaka ya jadi, kinawapa wakubwa wetu wa jadi kazi ya kukuza umoja wa taifa. Kwa hiyo mkubwa anayemkaribisha aliyehamishwa katika kamati hafanyi huruma tu. Anatimiza kazi ambayo Katiba imempa.

Tatu, mahali. Isijengwe uani mwa mtu yeyote mkubwa, wala karibu na ofisi ya chama cha siasa, wala kwenye kiwanja chenye ugomvi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Lakini karatasi ya Serikali bila neno la wakubwa wa jadi na majirani huleta kesi, na neno lao bila karatasi huleta kesi vilevile. Tafuteni yote mawili kabla ya tofali la kwanza.

Nne, vitabu. Katiba inataja lugha nne za taifa, na kiswahili ni mojawapo pamoja na kilingala, kikongo na chiluba. Ziwepo, pamoja na kifaransa, na uruund na kichokwe zisisahauliwe. Kila jamaa ilete historia yake, iandikwe au irekodiwe. Pale ambapo hadithi zinapingana, ziwekwe zote mbili kwenye rafu moja, na jina la msimulizi. Mpaka uko mmoja: sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inakataza na kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Kusema "sisi tunakumbuka hivi" ni haki yako. Kusema "kabila fulani liondoke" ni kosa, na maktaba isiwe mdomo wa kosa hilo.

Tano, fedha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya malipo yanayoitwa redevansi kwa komini, sekta au sheferi ambamo mgodi unafanya kazi, na inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Raia wa Kolwezi wana haki ya kuuliza fedha hizo zinafanya nini, na kusema kwamba maktaba ni mojawapo ya mahitaji yao. Kapanga haina migodi kama ya Kolwezi. Wao waikumbuke Kitengesa: sanduku moja, mwalimu mmoja mwaminifu, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili vidogo vinatosha.

Siwadanganyi kwamba kamati hiyo itakuwa tamu. Siku ambayo mzee aliyefukuzwa mwaka 1993 atakaa meza moja na mtu ambaye leo analala katika nyumba yake, maneno yatakuwa makali. Maktaba haihukumu kesi ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini inaweza kufanya jambo ambalo mahakama haifanyi: kuandika kwamba huyu alikaa hapa, mtaa huu, miaka hii, na kwamba watoto wake walisoma shule ile. Mtu ambaye jina lake limo katika daftari la mji anaweza kungoja haki yake bila kushika panga.

Kabla hatujaagana, ninawaachia kazi ya wiki hii. Kaeni katika vikundi vyenu vya kusikiliza, kila kikundi kiwe na angalau mtu mmoja aliyehamishwa, mjibu maswali matatu. La kwanza: ni jambo gani la historia ya mji wetu ambalo watoto wetu hawalijui, na ni nani bado hai anayeweza kulisimulia? La pili: ni nani hajawahi kuulizwa neno katika mji huu? La tatu: mkipewa chumba kimoja na sanduku moja la vitabu kesho asubuhi, ufunguo mtampa nani, na kwa nini wote watamwamini? Andikeni majibu, mmpe katibu wa kikundi ayatunze. Karatasi hiyo itakuwa ya kwanza katika maktaba yenu.